Paa la Nyumba ya Injini

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, alitunza pangaboi la maji miaka ishirini na mitatu, na hakuna aliyewahi kumwambia asante. Pangaboi ndilo jina tulilolipa lile gurudumu la mabati juu ya mnara wa chuma, karibu na zahanati. Upepo uliligeuza, nalo likavuta maji kisimani na kuyapandisha kwenye tangi. Halikunywa mafuta, ila grisi kidogo kila mwezi. Ngozi za kuzuia pampu isivuje Shemeji alizikata kwenye viatu vilivyochakaa, na mtaa mzima ulijua pa kupeleka viatu vibovu. Siku hizi kiatu kikipasuka kinatupwa mtaroni, na mtaro ukiziba tunailaumu mvua.

Kisha tukaletewa zawadi: injini ya dizeli. Kamati ya maji ikaona aibu wageni walioileta wapigwe picha na injini mpya huku lile zee likizunguka nyuma yao. Likashushwa. Mnara ukabaki kwa sababu walishindwa kuukata. Na kwa kuwa nyumba ya injini haikuwa na paa, yale mapanga ya bati yakapigiliwa juu yake. Shemeji alishika kichwa kama mfiwa. Giaboksi ya pangaboi aliifunga kwenye gunia, akaisukuma uvunguni mwa kitanda.

"Wenzangu wana wake wenza," dada yangu aliniambia, "mimi nina giaboksi."

Ilikaa uvunguni miaka kumi na mmoja.

Injini ilikuwa mlevi. Bei ya dizeli ilipopanda, maji yakatoka siku mbili kwa wiki, kisha moja. Hata hayo machache yalivuja kwenye bomba la zahanati mbele ya macho ya wanakamati. Hakuna aliyebadilisha hata washa, kile kipete cha mpira cha bei ya peremende. Walichofanya ni kukaa kikao na kuomba mafuta zaidi. Mwaka huu injini ikanyamaza kabisa, na upepo, ule ule wa bure, ukawa unayatikisa mabati juu yake mchana kutwa.

Dada yangu hufua mashuka ya wodi ya wazazi. Jumatatu moja mganga wa zahanati alimwambia kwamba maji yasipopatikana hadi Jumamosi, wodi inafungwa. Wajawazito wangepelekwa hospitali iliyo mwendo wa saa tatu kwa gari, na gari nalo linataka mafuta.

Shemeji akaenda kwenye kamati. Nilimsindikiza.

"Nipeni mapanga yangu," alisema.

Mwenyekiti akacheka. "Mzee, dunia iko kwenye sola, wewe bado uko kwenye pangaboi? Tumeshaomba mitambo ya jua."

"Mmeomba lini?"

"Mwaka juzi."

"Sawa. Nitawaambia akina mama wasizae kwanza."

"Paa ni mali ya umma," katibu akadakia. "Ukiligusa, utajibu."

Sina ugomvi na jua. Nina ugomvi na watu wasioamini kwamba kitu kina faida mpaka kishushwe kwenye gari. Tulikuwa na upepo, tukaubomoa kwa mikono yetu, tukaezekea injini!

Alhamisi asubuhi tukaweka ngazi.

"Shika ngazi, Shemeji," akanifokea kutoka juu, "usishike kiuno chako!"

Mapanga manne yalikuwa yameoza kwa kutu, mengine yalifaa. Wachomeleaji wawili wa mtaani waliipandisha giaboksi kwa kapi na kamba, wakaunga palipokatika. Kilichokosekana ni ngozi ya pampu. Dada yangu akavua kiatu cha mguu wa kulia, cha ngozi, bado kizima.

"Kata," alisema. "Hicho kitu cha uvunguni kimenivunja mgongo kwa kufagia miaka yote. Leo kifanye kazi."

Ijumaa alasiri Shemeji akafungua breki ya pangaboi. Bomba likakohoa, likatema maji mekundu ya kutu, kisha meupe. Jumamosi wodi haikufungwa. Dada yangu alifua mashuka akiwa na kandambili.

Jumatatu ikaja barua ya kamati: Shemeji arudishe paa la nyumba ya injini ndani ya siku saba, la sivyo atashtakiwa. Alikuwa juu ya mnara na kopo lake la grisi, nikamsomea kwa sauti kutoka chini.

Alimaliza kupaka kwanza.

"Wewe ndiye mwandishi," alisema. "Mjibu Mwenyekiti kwamba paa lake liko huku, linazunguka. Akilitaka, apande."

Nimemwandikia hivyo hivyo, bila kupunguza neno.