Gunia la Kwanza

Ilianza Jumamosi, mwezi wa saba, saa nne na robo asubuhi. Nina hakika na saa kwa sababu nilikuwa nafuta vumbi kwenye saa ya ukutani, ile aliyogawiwa baba pamoja na wenzake siku shirika lao lilipofungwa. Kila aliyepunguzwa alipewa saa yake, kama vile kazi imekwisha lakini muda wanao. Lori likapiga honi nje. Kwetu Mkonze, upande ule wa mwisho wa nyumba, lori halisimami bure. Wote tulitoka, hata bibi aliyekuwa anaota jua ukutani alijiinua na fimbo yake.

Dereva alishusha gunia la mahindi. Lumbesa, limejazwa kupita kipimo, limeshonwa kwa kamba ya katani mpaka mdomo umevimba. Baba alikuwa Kibaigwa tangu baada ya Pasaka, anabeba magunia ya watu sokoni, yeye aliyekuwa akienda kazini na tai, na mpaka siku ile tulikuwa tumepokea salamu tu.

"Mzee amesema hili ni la kula," dereva alimwambia mama. "Amenirudia maneno mara tatu, kama mtoto mdogo. Mwambie mama watoto ni la kula."

Mama alikuwa anapapasa mshono. "Ni la kwanza?"

"Vipi, mama?"

"Kabla ya hili hajapata jingine?"

Dereva akacheka. "La kwanza, mama. Apate wapi jingine? Mpaka juzi alikuwa analala chini ya turubai."

Mama akasema, "Haya, Mungu akubariki," kwa sauti ndogo, na mimi, niliyesikia sala yake siku baba alipoachishwa kazi, nikajua. Sikumwambia mtu. Mdogo wangu alikuwa tayari amepanda juu ya gunia, miguu inaning'inia, anaimba kwamba haendi popote, haendi popote, shangazi akija amkute amekalia mali yake.

Nieleze habari ya mdogo wangu, maana bila yeye gunia lingekuwa gunia tu. Dada yake baba anafagia ofisi za Bunge. Katikati ya mwezi wa sita alikuja na habari kwamba kuna afisa mmoja anarudi Dar es Salaam na mkewe na mtoto mchanga, wanatafuta binti wa kukaa na mtoto. Mimi hawakunitaka. Niko sekondari, na tena, shangazi alisema mbele yangu, "Huyu ukimtuma chumvi anarudi na aibu." Walimtaka mdogo wangu wa darasa la tano. Ana mdomo, ana nguvu, anajua kumchekesha mtoto. Mama alikataa. Shangazi akamwuliza anakataa kwa unga upi. Ndipo mama akakubali nusu: chakula kikipatikana kabla Bunge halijamalizika na watu kuondoka, mtoto habanduki, kikikosekana, aje amchukue. Aliyasema hayo mdogo wangu akiwa hapohapo anakwangua sufuria. Hakuacha kukwangua.

Na kweli unga ulikuwa umefika mahali pabaya. Bibi hupenda kusema kwamba wakati wa foleni duka lilikuwa tupu na mtu ana hela, na sasa ni ruksa, kila kitu kipo, simama ukitazame. Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, ugali wa mtama na mlenda wa kukausha, ambao sifa yake ni kuteleza kabla hujajua kama umeonja. Mama hapimi unga. Huchemsha maji, huweka kiganja juu ya mfuniko, hufumba macho, husema, "Bwana, unatujua tulivyo," kisha husonga. Hataki tuhesabiwe. Anasema kuna mfalme alihesabu watu wake akaletewa tauni. Basi ugali hupikwa bila kujua ni wa wangapi, nasi tunazunguka sinia, watoto wote wa tumbo lake, na wa baba mdogo aliyefariki, na bibi, mabega yamebanana, na anayekula taratibu ndiye anayelala njaa. Mimi hula taratibu.

Jumamosi ile mchana tulisubiri mama afungue gunia. Hakulifungua. Alilifunika kwa khanga yake ya kanisani.

"Kwani mmefunika maiti hapo?" bibi aliuliza. "Mbona mnalitazama tu? Watoto wayapeleke mahindi mashineni."

"Haliliwi, mama," mama alimjibu. Bibi ni mama mkwe wake, na humjibu akiwa ameinamisha kichwa. "Ni malimbuko. Kesho linakwenda kanisani."

"Lote?"

"Lote."

Bibi aliigonga fimbo yake chini. Yeye ni Mgogo wa Mvumi, amebatizwa tangu msichana, siyo kwamba hajui dini. "Mimi niliikuta mizimu," alisema. "Baba yangu alikuwa akivuna anaipa konzi ya mtama. Konzi moja! Mizimu inashukuru, inakwenda zake. Mungu wenu huyu mbona anataka na gunia lenyewe?"

"Mama, nilitamka. Siku mwanao alipoachishwa kazi nilipiga magoti nikasema, cha kwanza atakachopata, popote, ni chako, chote. Nikikila, nimekula nadhiri. Na cha pili hakitakuja."

"Na huyu mtoto?"

"Huyu mtoto ndiye ninayemwombea! Gunia litamzuia mpaka lini? Likiisha, shangazi yake si atarudi? Mungu akimzuia, amezuilika."

"Mwanangu ameweka mgongo chini ya hayo mahindi," bibi alisema. "Imani yako inakula kuliko watoto wako."

Mama aliuchukua ufagio. Alitoka nje akaanza kufagia ua uliokuwa umekwisha kufagiwa, upepo wa mwezi wa saba unamrudishia vumbi usoni.

Mdogo wangu alinivuta mkono tukaenda nyuma ya choo. "Wewe msomi," alisema, "mwambie. Anakusikiliza wewe. Akikuita kusoma Biblia unaisoma vizuri, mwambie kuna mahali imeandikwa kwamba watoto wale kwanza."

"Hakuna mahali."

"Tunga! Nani atakagua?"

Nilikwenda. Mama alikuwa ameinama na ufagio. Nilisimama karibu, nikawa na maneno yote tayari, ya kwangu kabisa, siyo ya kutunga. Kwamba baba alisema ni la kula. Kwamba hata nusu Mungu angeipokea. Nikafungua mdomo.

"Mama, nikachote maji?"

"Kachote," akasema.

Mdogo wangu alikuwa anachungulia. Niliporudi na ndoo aliniita bubu, na mpaka jioni aliwafundisha wadogo wote kuniita hivyo, nao wakaitikia vizuri kama kwaya.

Jumapili gunia lilikwenda kanisani kwa mkokoteni wa jirani. Wengine walileta walivyozoea kuleta: mayai kwenye kikapu, kuku aliyefungwa miguu, bakuli la karanga. Gunia letu lilisukumwa mpaka mbele, wanaume wawili wanahema, na watu waligeuka kumtazama mama, ambaye viatu vyake vilikuwa vimeshonwa kwa uzi wa nailoni. Mchungaji alimsimamisha. Alisema hii ndiyo imani, siyo wale wanaomletea Bwana chenji. Watu wakapiga makofi. Mdogo wangu hakupiga. Mimi nilipiga, kwa sababu jirani yangu kwenye benchi alinitazama.

Baada ya ibada huwa kuna mnada pale nje. Kila sadaka isiyo fedha hunadiwa, fedha inaingia kwenye mfuko, na mwezi ule ilikuwa kwa ajili ya mabati ya nyumba ya mchungaji. Mnadishaji ni mzee mmoja wa kanisa mwenye maneno.

"Mahindi ya Kibaigwa haya! Hayana mdudu, na kama yupo ameokoka! Nani ananipa bei ya kuanzia?"

Watu walicheka lakini mifuko ilikuwa mikavu. Kuku na mayai vilikwenda haraka. Gunia lilikuwa kubwa mno kwa waumini wale. Mtu akataja bei ya debe moja, kwa mzaha.

"Wewe, hata Yuda hakuuza hivyo!" mnadishaji akasema, watu wakacheka tena.

Ndipo mama mwenye mashine ya kusaga akasogea. Ana mwili, ana miwani, huketi kiti cha mbele. Alitaja bei isiyofika nusu ya ile ya sokoni, akasimama akijipepea kwa kitabu cha nyimbo. Mnadishaji aliita, akaita, akatuzunguka wote kwa macho. Hakuna aliyeongeza. Nilimtazama mama nikifikiri labda sasa, labda atasema basi, nirudishieni. Alikuwa anatabasamu, midomo yake inatikisika. Nadhani alikuwa anaomba mtu aongeze, ili mabati ya mchungaji yawe mengi.

"Limekwenda!"

Mama mwenye mashine alipita karibu yetu vijana wake wakilipakia gunia. Alimshika mama mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mama nanii, umetubariki. Nikisaga nitakuwekea pumba, umtume binti. Zikichekechwa vizuri uji unatoka."

"Asante sana, mama, Bwana akuzidishie," mama alisema. Na njiani alituambia, macho yanang'aa, "Mmeona? Hata jua halijageuka, ameanza kujibu."

"Amejibu pumba," mdogo wangu akasema.

Alipigwa kofi. Mama yetu si mpigaji. Lile lilikuwa la kwanza nililoliona tangu niingie sekondari. Mdogo wangu hakulia. Alisema, "Haya, na mimi ni malimbuko," akatangulia mbele peke yake.

Jumatatu niliporudi kutoka shule nilipitia mashineni nikachukua pumba, zikiwa za moto bado. Shangazi nilimkuta ameketi uani, begi la nailoni miguuni, hajavua hata mtandio. Nikampa shikamoo, akaipokea bila kunitazama. Alikuwa anamtazama mama.

"Wifi, tulikubaliana. Bunge limekwisha, gari la yule afisa linaondoka jioni hii. Lakini nasikia lilikuja gunia. Kama chakula kipo, nitawaambia watafute mwingine, wala sina kinyongo. Liko wapi?"

"Tumemtolea Mungu."

"Mmemtolea."

"Nipe wiki moja tu, wifi. Mlango unafunguka. Mwenyewe nimeuona."

Shangazi alinitazama mimi nilivyosimama na mfuko wa pumba. Akaingiza mkono, akachota, akapuliza. Zikapeperuka zote, hakikubaki kitu kiganjani. "Mlango umefunguka kweli," alisema. "Kaka yangu anabeba mizigo kama punda, wewe unaigawa. Sasa na binti yake umemgawa. Usiseme ni mimi."

Mama aliinuka akaingia ndani. Tulidhani amekwenda kulia. Alitoka na gauni la mdogo wangu la shule na kitana, akaanza kumchana nywele, polepole.

"Huko wanakula nini?" mmoja wa wadogo aliuliza.

"Wali," shangazi alisema.

"Kila siku?"

"Kila siku. Na Jumapili nyama."

Wadogo wakamgeukia mdogo wangu kana kwamba amewaibia. Yule wa darasa la kwanza akaanza kulia kwamba na yeye anataka kwenda, anajua kubeba mtoto, mbona anachaguliwa huyu tu, mpaka akagaagaa chini. Bibi alicheka, kicheko kibaya, kisha akafuta macho kwa ncha ya khanga.

Nilimsindikiza mdogo wangu hadi barabarani. Nilitaka kumwambia kitu. Nilibeba lile begi la nailoni, sasa lina vitu vyake, halikuwa na uzito wowote. Yeye alikuwa anamwuliza shangazi maswali: kama mtoto mwenyewe ni mliaji, kama kuna redio, kama ataandikishwa shule huko. Kwa hilo la mwisho shangazi alisema, "Tutaona." Mdogo wangu si mjinga, anajua "tutaona" ni nini. Alinipokonya begi.

"Rudi, bubu. Utachelewa kula pumba."

Nilirudi.

Asubuhi iliyofuata mama alichekecha pumba akazichanganya na unga wa mtama uliobaki, akapika uji. Aliweka kiganja juu ya mfuniko kama kawaida. Aligawa vikombe kimoja kimoja, kimoja kikabaki hakina mwenyewe, na kila mtu alipopata alichungulia sufuria, akachungulia tena. Ulikuwa umebaki. Haijawahi kutokea kwetu uji ukabaki.

"Mmeona?" alisema, na sauti ilimkatika katikati, akaikohoa ikarudi. "Ametosheleza. Umezidi. Nani aongezwe?"

Bibi aliweka kikombe chake chini, hajakigusa. Wadogo waliving'ang'ania vikombe vyao, sijui kwa nini. Labda walikuwa wanamwogopa bibi. Mimi, ambaye sijawahi kuomba kitu katika nyumba ile, nilinyoosha mkono wangu.

"Mimi, mama."

Ulikuwa wa moto, una makapi, unakwaruza koo. Niliunywa wote, nikalamba ukingo, nikachukua madaftari yangu nikaenda shule nikiwa nimeshiba.