Bastola ya Mkalimani

Mimi Shemsa bastola sikuitaka, na nilisema hivyo siku ile ile ilipoingia nyumbani kwetu Mkunazini, mwaka hamsini na tano. Mume wangu Masoud aliitoa mfukoni mwa koti akaiweka mezani, ubavuni mwa birika la chai. Nyeusi, ndogo, haizidi kiganja. Nikamwambia, "Bwana, hiyo na chai havikai meza moja. Chagua." Akaiondoa mezani. Nyumbani haikuondoka.

Masoud alikuwa mkalimani wa mahakama, kule Vuga. Hakimu Mzungu akisema Kiingereza, yeye anakigeuza Kiswahili. Mshitakiwa akisema Kiswahili, yeye anamfikishia hakimu kwa Kiingereza. Kazi ya heshima, lakini ina ubaya wake. Hakimu akikufunga, wewe huelewi alichosema. Anayekwambia "miaka mitatu" ni mkalimani.

Mwaka uliotangulia aliletwa mzee mmoja mvuvi kutoka Tumbatu, jina lake Machano. Aligombana na mwenzake juu ya mtego wa samaki, akampiga kafi, akamvunja mkono. Akahukumiwa miaka mitatu, na Masoud ndiye aliyemwambia. Machano hakulia, hakuomba. Alimnyooshea mume wangu kidole akasema, "Wewe! Nkitoka, ntakuja kukuamkia."

Haya, nyinyi mnajua. Mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa. Machano alikuwa na ndevu nyeupe, na Masoud hajatimiza arubaini. Mzee mzima akikwambia atakuja kukuamkia, hiyo si shikamoo, hiyo ni kejeli, na nyuma yake pana kisu. Ndivyo makarani wote walivyoielewa, wakacheka mpaka machozi. "Umekwisha, Masoud! Mtumbatu hasahau. Asipokuja mwenyewe, atakutumia kitu!" Sisi watu wa mjini tuna midomo. Mtu wa shamba tunamtungia uchawi kabla hatujamjua jina. Na mimi nilipohadithiwa nilicheka, Mungu anisamehe. Masoud hakucheka.

Usingizi ulimruka. Akawa hapiti uchochoro bila kugeuka nyuma. Mwisho akainunua ile bastola kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akaomba leseni polisi, akapewa. Ilikuwa ya Ubelgiji. Risasi zinaingia ndani ya mpini, na ukishapiga moja, nyingine inapanda yenyewe. Mwenye mali sasa ndiye aliyekuwa hajui lolote. Mtu ambaye kuku wa Idd humpeleka kwa jirani akachinjiwe, leo anataka kupiga bastola!

Akamtafuta Kurwa. Huyu asili yake bara, alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, amepigana Burma, na alipotoka jeshini akafungua banda la kushona viatu Ng'ambo. Kila Jumapili asubuhi wakawa wanapanda baskeli mpaka kwenye machimbo ya mawe, njia ya Fumba, wanapanga makumbi ya nazi juu ya jiwe na kuyapiga. Siku ya kwanza niliwafuata kwa gari la shamba, maana nilitaka kujua nnaishi na nini.

Kurwa alimwonyesha kila kitu taratibu. Ubavuni mwa bastola pana kijichuma cha kidole gumba. Ukikipandisha, bastola imefungwa, vuta mpaka kesho haipigi. Ukikishusha, imefunguka. Kurwa akikiita kijichuma hicho "salama".

Basi Masoud ameshaikoki, ameishika imeelekea chini, na Kurwa yuko mbele yake anapanga makumbi. Kabla hajageuka akauliza, "Salama?"

Mume wangu akajibu, "Salama, alhamdulillahi."

Kijichuma hakukigusa, na kidole kingine kikavuta. Ikalia! Mchanga ukaruka hatua moja na mguu wa Kurwa. Nilipiga ukelele mpaka sauti ikanikauka. Kurwa akamjia Masoud, akampokonya bastola, akamwambia, "Nimeiuliza bastola, sikukuuliza wewe! Hali yako ntakuuliza tukifika mjini, kama tutafika!"

Masoud akasema, "Niwie radhi, Bwana Kurwa. Ni mazoea. Mtu akinambia salama, na mimi nasema salama."

Na kweli, ndivyo tulivyo. Nyumba inaungua, mtu akipita akikuuliza "Salama?" utamjibu "Salama," halafu ndiyo umwambie habari ya moto.

"Basi zoea upya," Kurwa akasema. "Ukisikia neno hilo, jibu kwa kidole gumba. Ulimi uache."

Akamfunza kama anavyofunzwa kuruta. Katikati ya shabaha, "Salama?" Wakila mihogo, "Salama?" Hata mjini, wakikutana kwenye baraza ya kahawa, Kurwa humwita kwa ghafla, "Salama?" na Masoud kidole gumba kinapanda, na mkononi hana kitu ila kikombe. Na mimi nikamchezea. Nikimwekea mkate wa kumimina, nasema, "Salama, bwana?" Kidole juu! Tukacheka sana katika nyumba ile, na kulikuwa hakujachekwa siku nyingi.

Ikapita miaka miwili. Masoud akawa anayapiga makumbi sita katika saba. Nilimuuliza, "Na mtu je? Utampiga?" Akanambia, "Akija kuniua, ntampiga." Nikamwomba Mungu asije. Sikuomba kwa ajili ya Machano, nasema kweli. Niliomba mume wangu asirudi kwangu na damu ya mtu.

Mwaka hamsini na saba, Jumatatu, akasikia mahakamani kwamba Machano amefunguliwa. Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, Masoud alikuwa amekaa sebuleni, bastola iko chini ya takia, ameikoki. Kurwa alimkataza kuikoki ndani ya nyumba, lakini nani alimsikia Kurwa siku ile!

"Hodi! Hodi hapa!"

"Nani?" nikauliza.

"Machano."

Nilitaka kusema Masoud hayupo, ulimi ukasema "Karibu." Mazoea hayo hayo. Nikamtazama mume wangu. Uso ulikuwa umembadilika, na mkono wa kulia umeshaingia chini ya takia. Nilijua kidole gumba kimeshateremsha kile kijichuma. Nilitaka kumwambia usifanye, Masoud, nakuomba, lakini mzee alikuwa ameshavua makubadhi yake na ameshaingia.

Alikuwa amekonda. Mkononi ana kikapu cha ukili kimefunikwa kitambaa. Alitoa salamu, Masoud akaitikia kwa midomo tu. Mzee akatia mkono ndani ya kikapu, na huku anautia, akasema, "Salama, bwana mkalimani?"

Niliona takia likitikisika, mara moja tu. Kisha kimya.

Machano akatoa pweza mkavu, amefungwa vizuri kwa ukindu, akamweka juu ya mkeka.

"Huyu wako," akasema. "Siku ile nilimtukana hakimu tusi la mama yake. Umesahau? Wewe ulinambia polepole, 'Mzee, meza mate, sema tena.' Nikameza mate, nikasema maneno ya mtu. Ungelimfasiria lile tusi, mimi ningelikuwa ndani mpaka leo. Umri nnakushinda, lakini nlisema ntakuja kukuamkia, na nimekuja. Shikamoo."

Akapiga magoti, akanyoosha mikono yote miwili kuutaka mkono wa mume wangu.

Masoud aliutoa mkono chini ya takia polepole sana. Mzee akaupokea, akaubusu. Masoud akafunua kinywa aseme marahaba, ikashindikana. Akalia mbele ya mgeni, kilio cha mtu aliyefiwa. Machano akaona haya, akanambia, "Bibi, mumeo ana moyo mwepesi." Akanywa kahawa, akaaga, akenda zake.

Alipotoka nilikwenda kuliinua takia. Masoud akanizuia, akaitoa risasi kwanza, kisha akanambia, "Shemsa, nimevuta."

"Umevuta nini?"

"Nimevuta, Shemsa. Aliposema salama, kidole gumba kikapanda chenyewe, kama Kurwa alivyonizoesha. Mimi sikujua kama kimepanda. Nikavuta, na nguvu zangu zote. Kidole ndicho kilichomjibu mzee wa watu. Mimi nilishamuua."

Asubuhi alikwenda polisi akairejesha bastola pamoja na leseni yake. Kurwa alipohadithiwa, aliinama juu ya kiatu alichokuwa anashona.

Tangu hapo kila Idd Machano huja na pweza wake, na kila akija humwamkia Masoud, na kila akiamkiwa Masoud huukalia mkono wake wa kulia. Hata watoto wetu hawapi wakaubusu. Machano anadhani ni unyenyekevu, anamsifu Tumbatu nzima.

Idd hii iliyopita, mzee alipokwisha kuondoka, nilichoka. Nikamwambia mume wangu, "Mwambie. Atakusamehe, yule. Mwambie, upumue."

Masoud akanitazama. "Miaka ishirini nawasemea watu maneno yao," akasema. "Wezi, wauaji, wote niliwapatia neno. Haya, nifundishe wewe. Nimwambie vipi?"

Nilikaa nikatafuta. Mpaka leo natafuta.