Vidonge vya Léocadie kwenye Meza ya Ushindi

Léocadie, mama wa Bukavu, alikuwa anasuka nywele pale Yeoville, mtaa wa wahamiaji. Ugonjwa wa viungo ulimkalia vidoleni tangu usichana. Alipopata mimba, daktari alimwambia waziwazi: "Mimba ikikupa nafuu, shukuru, lakini vidonge hivi usiache. Mtoto havimdhuru. Ugonjwa ukirudi, ndio utakaowasumbua wote wawili."

Nafuu ikaja kweli. Mwezi wa tano wa mimba vidole vililainika kama vya bibi harusi. Jumapili akatoa ushuhuda kanisani, makofi yakamlevya, akaviweka vidonge juu ya Meza ya Ushindi, pale waliopona wanapoacha magongo na dawa zao. Maman Marcelline, mlinzi wa meza, alipiga vigelegele mpaka kilemba kikaanguka.

Wiki ya tatu tangu aviache, akiwa amefika nusu ya kichwa cha Mayasa, mteja wake wa Tanga, vidole vikakakamaa. Kitana kikabaki kimesimama nyweleni.

"Dada, malizia basi, kesho naenda harusini!"

Léocadie akalia, akasema yote. "Nikivifuata vidonge nitaonekana mwongo. Nisipovifuata, huyu mtoto je?"

"Eish! Inuka, twende." Mayasa akajitupia mtandio, upande mmoja rasta, upande mwingine kichaka.

Kanisani Maman Marcelline alishika kiuno. "Maman Léocadie, unamnyang'anya Mungu?"

"Shikamoo, mama," Mayasa akasema. "Mungu haumwi vidole. Mpe mwenzio dawa yake."

Maman akalitazama lile tumbo, akapumua. "Haya. Ila meza asiguse mtu, naigusa mimi tu."

Akachukua pakiti, akaisogeza mbali, akaileta puani. "Ni hii?"

"Hiyo ya minyoo, Maman."

"Hii?"

"Hiyo ya kikohozi."

Kisha mkono wa Maman ukatambaa taratibu mpaka kwenye miwani iliyokaa hapo tangu Pasaka, siku aliposhuhudia kwamba macho yake yamepona. Akaivaa. "Dakika moja tu," akasema bila kumtazama mtu. Vidonge vikaonekana papo hapo.

Léocadie alimeza kimoja palepale. Kesho yake daktari alimgombeza kwa upole, akamwongezea kidonge cha kutuliza maumivu, na vidole vikalainika tena polepole. Mayasa alikwenda harusini na mtandio, akasema ndio mtindo wa mjini.

Miwani haikurudi mezani. Bwana asifiwe, mtoto alizaliwa salama, akaitwa Carmel, na siku ya kuombewa kanisani kitu cha kwanza alichokamata kwa vidole vyake vinene kilikuwa miwani hiyo, ikiwa puani kwa Maman Marcelline.