Kule Kunalia

Hii masolo, hii hadithi yangu, inanionyesha mujinga, nakubali mbele muanze kucheka. Bantu ba Karuba, kijiji yetu, banajua sehemu moja tu: kwamba nilirudi mikono mitupu. Ile sehemu ingine njo hii.

Kwetu tuko bantu ba ngombe na maziwa. Nilisoma mpaka mwaka ya nne, nikajua kusoma, kuandika, na kumujibu mwalimu vibaya. Siku niliondoka kwenda kutafuta kazi ya zahabu Walikale, niliita vijana benzangu ku lupango, zizi ya ngombe, nikabaonyesha mikono: "Muangalie vizuri. Hii haitashika tena mukia ya ngombe." Mama yangu alikuwa nakamua. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Ngombe haisahau mutu." Nikacheka njia yote mpaka Sake.

Kule mu pori, mbele ya kufika muji ya Mubi, muzungu mwenye alitupa kazi alikuwa na mashini ya vita, ile ya kutafuta mabomu mu udongo. Vita ilikwisha, mabomu ikakosa, basi mashini nayo ikatumwa kutafuta zahabu. Ilikuwa na sahani ku mwisho ya fimbo, sanduku ya batri ya kubeba ku mugongo, na kaske ya masikio. Muzungu alificha kipande ya zahabu chini ya majani, akatujaribu wote. Mimi njo niliikuta wa kwanza. Akanivalisha kaske. Tangu pale sikusalimia mutu vizuri.

Lakini kazi haiko kusikia. Kila mutu anasikia. Kazi iko kuchagua. Mashini inalia juu ya kila kitu, na ukichimba kila kilio, mugongo inakwisha mbele ya mwezi. Musumari inalia kwa kukatika, kama mutu anajikwaa. Jiwe yenye chuma inanguruma pana, unapita nayo na bado iko nanguruma. Zahabu inalia mwembamba, inaanza pale, inaisha pale, kama ndama inaita mama yake mu ukungu. Hiyo sauti niliijua tangu utoto, njo maana nilijiamini sana.

Wa kuchimba alikuwa Papa mumoja, mulimaji wa Masisi, mutu wa sala, mikono kama mizizi. Mimi nachagua, yeye nachimba. Wiki ya kwanza tulitoa misumari, mikebe ya sadini, na kifungo ya koti.

"Kaka," akaniambia, "tufungue duka Mubi. Mali iko tayari."

"Papa, vumilia. Zahabu inatuogopa."

"Inakuogopa wewe. Mimi inanijua, niko naifukulia kila siku na haikuje."

Muzungu hakucheka. Alisema lori yenye ilituleta itarudi Jumamosi. Kama mashini haijapata kitu, itapanda lori, na mimi nitapanda pamoja nayo, nirudi kwetu. Nilihesabu: ilikuwa Jumatano. Nilianza kuona mikia ya ngombe mu ndoto.

Siku ile ile, Mama mumoja mwenye kuuzaka ndizi ku kambi alinikaribia. Mama mukubwa, sauti ya chini.

"Mutoto wangu, banasema wewe unatafutaka fasi kwenye kunalia?"

"Njo kazi yangu, Mama."

"Basi kule kwetu ya zamani, mbele batuhamishe ku barabara, kule kunalia. Kila asubuhi, ukungu ikishuka."

Moyo yangu ikaruka. Nikamuuliza kama fundi: "Inalia pana ao mwembamba?"

"Mwembamba. Mbili, pamoja."

"Mbili! Mama, Mungu akubariki."

"Ukisikia, unisalimie."

"Nitakuletea yenyewe hapa ku mikono!"

Yeye hakucheka. Niliona ni mutu asiyejua kucheka.

Kesho yake asubuhi mimi na Papa tulifika kule. Nyumba hazikuwa tena, ilibaki migomba yenye kusokotana na mawe tatu ya jiko, nyeusi bado. Ukungu ilikuwa imekaa chini, mpaka ku magoti. Hakuna ndege ilikuwa naimba. Papa akasema, "Hapa bantu bameondoka lakini fasi haijaondoka." Nikamuambia ashike jembe, aache mahubiri.

Nilivaa kaske, nikapitisha sahani. Musumari, nikaacha. Jiwe, nikaacha. Nyuma ya migomba, ikalia. Mwembamba. Inaanza pale, inaisha pale. Hatua moja pembeni, ingine, sawasawa na ya kwanza. Mbili, pamoja, kama Mama alivyosema.

"Chimba!"

Papa alipiga jembe mara mbili, akasimama. "Kaka, hii udongo ni laini. Kuna mutu alishaichimba."

"Nguruwe ya pori."

"Nguruwe haipangake mawe."

Nikaangalia. Mawe madogo yalikuwa yamezunguka pale, yamemezwa na majani. Nilipaswa kuelewa. Lakini Jumamosi ilikuwa nanikamata ku shingo. Nikasema, "Chimba, Papa. Mimi njo nachagua."

Alichimba mpaka ku magoti. Kisha akapiga magoti, akatumia vidole. Akatoa njuga ndogo ya shaba, ile mama anafungia mutoto ku muguu wakati anaanza kutembea, ili asikie kwenye anaenda. Ku ile fasi ingine, hatua moja pembeni, alikuta njuga ingine. Zilikuwa ndogo, sawasawa, za muguu wa kushika mu kiganja: batoto babili ba siku moja. Papa akavua kofia.

Pale njo nilisikia lile neno ya Mama upya. *Kunalia.*

Tuliweka njuga pembeni, mbali, juu ya jani ya mugomba. Na mimi, kwa mazoea ya kazi tu, nikapitisha sahani tena mu shimo tupu. Ikalia. Chini zaidi, mwembamba, tamu kuliko zote. Ilikuwa ile ndama ya zahabu kabisa.

"Bado inalia?" Papa akauliza. Hakunitazama.

Nilijua ni nini nilikuwa nasikia, na nilijua Jumamosi ni nini. Nikasema, "Hapana. Imenyamaza."

Tulirudisha njuga, kila moja fasi yake, tukafunika, tukapanga mawe. Papa akasali. Niliondoa kaske, nikazima batri. Ile sauti haikuisha. Nikafikiri ni masikio imechoka.

Jumamosi lori ilisimama Mubi. Mashini ilikuwa nyuma yangu, imefungwa na kamba. Mama wa ndizi alikuwa pale kando ya barabara. Nikashuka, nikamuambia yote: mapacha bake, njuga, kwamba tulizirudisha. Nikamuomba musamaha, na ile siku sikupata hata muzaha moja wa kujificha nyuma yake.

Alipanguza ndizi yake na pindo ya kitenge, polepole.

"Jana nilienda kule," akasema. "Leo tena nilienda. Kule hakulie tena."

"Mama, nisamehe."

"Sikukukasirikia, mutoto wangu. Niko nauliza tu, kwa sababu wewe uko na masikio. Sikiliza vizuri. Nyuma yako hakulie?"