Mate kwenye Ncha ya Waya

Kazini walimwita Bi Kinyaa, naye hakuwahi kulikataa jina hilo. Alikuwa fundi wa nyaya za kioo, zile nyembamba kama unywele zinazosafirisha mwanga, na ncha ya waya huo ukiigusa kwa kidole tu umeshaichafua. Yeye alizifuta kwa spiriti na kitambaa kipya. Wenzake walifutia mashati yao ya jasho. Alichukia hata kupokea koleo kutoka mikononi mwao.

Siku hiyo laini ya hospitali ilikuwa inasuasua. Huko alilazwa mke wa mlinzi wao wa getini, damu imevilia kichwani, na picha zake zilitakiwa zipitie kituo chao cha mawasiliano kwenda kwa daktari bingwa wa mji mwingine, amwelekeze mpasuaji. Mlinzi alisimama mlangoni mwa chumba cha mitambo, kofia mkononi.

"Dada yangu, zitapita?"

"Zitapita, kaka. Vuta subira."

Ndani, mkuu wa zamu alilamba kidole gumba, akaipaka ncha ya waya mate, akaifikicha kwenye suruali na kuichomeka. Mtu mzima na ndevu zake! Taa ya kipokezi ikabaki nyekundu. Kipokezi ni kidude kidogo kuliko punje ya mchele: mwanga ukikiangukia kinatoa umeme, na umeme huo ukipanda na kushuka, mashine inasoma picha. Sasa mwanga ulikwamia kwenye mate.

"Mzee, umelamba!"

"Mate dawa," mkuu akacheka, akatoka kuvuta sigara.

Bi Kinyaa akanyakua kitambaa kipya. Akachomoa, akafuta, akafuta tena, akachomeka. Kijani! Mlinzi akapiga makofi. Kisha taa ikazimika kabisa.

Mezani, kati ya mifupa ya kuku aliyokula mkuu na vikombe vyake, kulikuwa na kipunguza mwanga, kile kinachozuia mwanga mkali usiunguze kipokezi. Mkuu alikuwa amekichomoa ili mwanga uliofifia kwa uchafu wake upenye, wala hakusema. Bi Kinyaa naye hakukagua kama kipo mahali pake, kwa kuwa meza ile ilimtapisha kuitazama. Mwanga safi ukaingia wote, ukakiunguza kipokezi. Cha akiba hakikuwepo, na bila kipokezi picha hazingepita.

"Kumetokea nini, bosi?" mlinzi akamuuliza mkuu aliyekuwa anarudi kutoka kuvuta sigara.

"Muulize huyu. Yeye ndiye aliyegusa mwisho."

Mlinzi akamgeukia. "Kweli, dada?"

"Kweli," akajibu, na kwa mara ya kwanza akaona kinyaa na mikono yake mwenyewe.