Maji ya Magome kwenye Mkono wa Mwanangu

Uvumilivu uliniishia pale muuza dawa za asili aliposhika mkono wa mwanangu, akaugongagonga kwa ukucha kama mtu anayechagua nazi, akasema, "Mama, hapa kolajeni imejijenga. Umeona ngozi ilivyokaza?"

Mwanangu ana miaka miwili. Alimwagikiwa uji wa moto nikiwa msibani Handeni. Mama mkwe, niliyemwachia, alikimbilia duka la muuzaji huyo hapa Kilole, akauziwa chupa ya maji ya kahawia, akaambiwa ampake asubuhi na jioni. Akapaka. Mama mkwe si mvivu. Niliporudi nilikuta mkono una gamba gumu, vidole vitatu vimekunjika. Nikambeba mtoto, nikaongozana na mama mkwe hadi dukani.

Nilimuuliza muuzaji kuna nini kwenye chupa. Akasema magome ya mgunga, asili tupu, kemikali hamna.

Hapo alikosea mtu. Nimekulia Handeni, jirani na wafugaji. Magome hayohayo wanayatwanga na kulowekea ngozi za mbuzi. Mwalimu wetu wa bayolojia alitueleza sababu: kolajeni ndiyo nyuzi zinazoishikilia ngozi, na magome yana kemikali ndogo ndogo zinazong'ang'ania nyuzi hizo na kuzibana pamoja, ngozi ikawa ngumu na isioze. Kwa viatu ni jambo jema.

"Mwanangu ulikuwa unamtengeneza mkanda," nikamwambia.

"Shule zinawasumbua nyie," akasema, akawageukia wateja wacheke naye. "Mbona bibi yake hajalalamika?"

Kweli, hakuwa amelalamika. Alikuwa nje kwenye benchi, khanga usoni, analia.

Hospitali walililainisha gamba na kulitoa kidogo kidogo. Mtoto alipiga kelele, mimi nikamshika. Daktari alisema ngozi ikipona imejibana hivyo, vidole vinaweza kubaki vilivyo. Tuvinyooshe kila siku, tuone. Tunanyoosha.

Kesho yake nilikwenda kwa mganga mkuu wa wilaya. Karani akanishauri niandike kwa upole. Niliandika hivi:

"Nalalamikia duka la dawa za asili lililoko Kilole kwa kuuza maji ya magome kama dawa ya kuungua. Naomba wazuiwe, na waliokwisha kununua watafutwe, maana wapo wanaopakwa leo. Mwanangu hafungui vidole vitatu vya mkono wa kulia. Naomba nijibiwe kwa maandishi."