Beryl Oxtoby na Mtu wa Maegesho

Beryl Oxtoby alipasua samaki kwenye mabanda ya bandari ya Hull, Uingereza, miaka thelathini na moja, mikono ndani ya barafu, na kidole kimoja cha mkono wa kushoto alikiacha huko huko. Mkono wa kulia ulikuwa mzima, na mtaa wote uliujua. Mume wake wa kwanza, mvuvi wa maji ya kaskazini, alirudi siku moja akampiga teke la tumbo. Beryl akamvunja taya kwa kikaango, mafuta yakiwa bado ya moto, kisha akamtolea virago vyake barabarani. Msimamizi mmoja aliyemshika kiuno alitema meno mawili.

Usidhani alikuwa mtu mbaya. Wavuvi wa mtaa ule walikuwa na desturi yao. Mtu akikukosea, hupeleki kesi popote. Unamwita mlangoni kwako, mnamalizana majirani wakitazama, na kesho mnasalimiana kama kawaida. Beryl alilelewa hivyo, na kwa miaka sitini na mbili mlango wake haukuwahi kumwangusha.

Mume wa pili, Ken, alikuwa mpole, dereva wa kreni mstaafu. Figo zake zilikufa zote mbili, na macho yakafuata. Siku tatu kwa wiki ilibidi afike hospitali saa saba mchana asafishwe damu kwa mashine. Daktari alishasema, akikosa zamu mbili asitegemee ya tatu. Na moja ilikuwa imeshapotea, maana Jumatatu moja ya Mei gari lao kuukuu la bluu lilikuwa kwa fundi na zamu ikapita.

Kando ya hospitali kuna duka kubwa lenye uwanja wa kuegesha, saa mbili za kwanza bure. Siku moja ya Machi Beryl aliegesha pale, akamfikisha Ken, akanunua mkate, akarudi nyumbani. Jioni akaja tena kumchukua. Kamera ya langoni iliona gari likiingia mchana na likitoka jioni, yale ya katikati haikuyaona. Kampuni binafsi ya uwanja ikamdai pauni mia moja. Beryl hakulipa wala hakujibu. Deni likakabidhiwa wakusanyaji madeni, likawa mia na sabini, na barua zikaanza kuja zenye maandishi mekundu.

"Hao si mahakama," Gaynor, jirani yake, alimwambia jikoni. "Waandikie kwamba uliingia mara mbili. Risiti ya mkate si unayo?"

"Simwandikii mtu nisiyemjua sura."

"Basi zitupe. Ila ikija ya mahakama, hiyo usitupe, tafadhali."

"Wanasema mali yangu inaweza kuchukuliwa. Mali gani niliyo nayo, Gaynor? Sofa?"

"Gari hawawezi kuligusa. Wanakutisha tu."

Lakini lile la gari lilikuwa limeshamkaa rohoni. Akaigeuza barua ya tatu, akaandika mgongoni mwake: Mwenye neno na mimi aje mlangoni. Akaweka anwani na jina, akaituma.

Wakusanyaji hawa hawana kawaida ya kuja. Kazi yao barua na simu. Huyu alikuja kwa sababu aliitwa.

Alikuja Jumatano, siku mbili baada ya ile zamu iliyopotea, saa sita na nusu. Ken alikuwa tayari ndani ya gari, mkanda umefungwa, blanketi mapajani. Beryl aliingia kuchukua chupa ya chai. Alipotoka alimkuta mwanamume wa makamo ameinama nyuma ya gari, simu mkononi, anapiga picha kibao cha namba.

"Toka hapo."

"Bi Oxtoby? Lyle Pinder. Wewe ndiye uliyetuandikia tuje." Akatabasamu. "Usijali, mpenzi, ni picha tu ya ofisini." Kule hata mdai humwita mtu mpenzi. "Gari hili ni lako mwenyewe, au la mzee?"

Chupa ilikuwa ya chuma. Ilimpata mdomoni, naye akaangukia buti la gari. Beryl akamshika ukosi, akamgongesha uso kwenye buti mara moja, mara ya pili, pua ikavunjika kwa mlio ambao Gaynor aliusikia ng'ambo ya barabara. Damu ilishuka kwenye kioo cha nyuma. Pinder alijaribu kutambaa, Beryl akamkanyaga mkono pamoja na simu.

"Beryl," Ken alikuwa akiita, akipapasa kifungo cha mkanda bila kukiona. "Mwache, Beryl. Tunachelewa."

"Hulichukui," Beryl alimwambia aliye chini. "Umesikia? Hulichukui."

"Siwezi kulichukua," Pinder akasema, maneno yakitoka na damu. "Sina ruhusa hiyo, mama. Ungefunga mlango tu, ningeondoka."

Beryl alimsikia vizuri. Ila mguu ulikuwa umeshaondoka, na mbavu zikalia. Ndipo akasimama, akatazama mikono yake.

Polisi walifika upesi. Aliwanyooshea mikono mwenyewe.

"Nimfikishe mume wangu kwanza. Saa saba. Nikimshusha nakuja, naapa."

"Haiwezekani, mpenzi," askari wa kike alimjibu taratibu. "Mtazame huyu mtu."

"Alikosa Jumatatu. Akikosa na leo..."

"Nitampeleka mimi," Gaynor akasema. "Nenda nao. Nitaendesha mimi."

Beryl akashusha pumzi, akainama, akaingia garini mwao, aproni yake bado kiunoni. Wakaondoka.

Gaynor akafungua mlango wa dereva, akakaa, akapapasa chini ya usukani.

"Ken, ufunguo uko wapi?"

Ken aligeuza uso kuelekea sauti ya gari la polisi lililokuwa likipinda kona.

"Huwa anautia mfukoni," alisema. "Wa aproni."

Gaynor akatoka, akavua sapatu zake za nyumbani, akaanza kulikimbilia gari la polisi.